Theluthi Mbili Zako

Unguja, 12 Mfunguo Tano 1326

Kwa dada yangu Bi Swafiya, Mungu akuweke na akupe afya ya kunigombeza miaka mingi ijayo.

Mimi mzima. Homa iliyonishika mwezi uliopita imeondoka, imeniachia uchovu tu. Bado nakaa kile chumba cha juu ya duka la halua, na harufu ya samli imeingia mpaka kwenye kanzu zangu za Ijumaa. Kazi ni ileile, kunakili hati za kadhi kutwa kucha. Siku nyingine jua hutoka na kuchwa sijazungumza na mtu ila habari ya mipaka ya mashamba ya watu nisiowajua.

Vipi nyumbani? Paa la upande wa kusini bado linavuja? Nisalimie jirani yetu Bi Alawiya, na wote waliomo nyumbani.

Sasa nikupe habari iliyonifanya nishike kalamu. Mwenzangu Abdulghafur, tunayenakili naye, aliporudi kuhiji alipitia Misri akanunua kitabu kidogo cha Kiarabu, na mwezi huu ameniazima. Kinazungumza juu ya uhuru na njia za watu kupata riziki. Jina la mwandishi silijui, maana ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa. Lakini, dada, mtu huyu ana akili! Anasema tumezoea kuuliza nani mja na nani muungwana, na swali lenyewe ni jingine: nani anaweza kuondoka? Asiyeweza kuondoka, kazi yake haina bei, kwa kuwa bei ni mapatano, na hapana mapatano na mtu uliyemfungia mlango. Anasema pia kwamba nchi inayokula jasho la watumwa hufukarika polepole, kwa sababu mtumwa hana haja ya kufikiri njia bora ya kulima, na bwana wake hana haja ya kushika jembe. Mwisho wake wote wawili hawajui kitu.

Niliposoma hapo nilikumbuka mashamba yetu ya bara, na marehemu baba akiwa juu ya punda wake akiulizia minazi ambayo hakuwahi kuipanda hata mmoja. Nilitaka kuzungumza na mtu juu ya jambo hili. Hapa hapana mtu. Abdulghafur alikinunua kwa sababu ya jalada lake zuri, hakukisoma. Basi nikasema nikuandikie wewe, uliyesoma na mimi kwenye mkeka mmoja mbele ya baba, tena ukinishinda.

Nduguyo Ridhwani


Amu, 3 Mfunguo Sita 1326

Ndugu yangu Ridhwani, baada ya salamu na dua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta habari zako sikuziona, nikairudia nikidhani macho yangu yamechoka. Karatasi nne za kitabu na mstari mmoja wa homa! Kula uji wa pilipili manga, na kanzu zako zianike mbali na dirisha la muuza halua.

Mimi sijambo. Goti la kulia lanisumbua ngazini. Paa linavuja kama kawaida yake, nasi tumeliwekea beseni. Maulidi yanakaribia na mji umeanza kujaa wageni. Nawasikia wakipita nje.

Umewasalimu "wote waliomo nyumbani". Ridhwani, uliiacha nyumba hii ina watu kumi na wanne. Leo tumo wawili, mimi na Barka. Wengine waliondoka mwaka jana, serikali ilipotangaza kwamba haitambui tena utumwa. Hawakuondoka kwa ubaya. Walikuja mmoja mmoja wakanibusu mkono, na mpishi akachukua sufuria kubwa, nami nikamwachia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akijuana nayo. Jirani zetu wengine wameandikisha majina ya watumwa wao serikalini ili wapewe fidia. Mimi sikwenda. Niliona haya.

Barka alibaki. Sasa sikiliza, maana hili ndilo jambo la barua yangu. Barka ameposwa. Mposaji ni Madi bin Fadhil wa Matondoni, fundi wa kutia kalafati vyombo, mziba nyufa za majahazi kwa pamba. Ni mtu mpole, muungwana, na msemaji wake mkubwa ni mama yake. Alimwona Barka alipokwenda huko kununua mikeka, akaja mara tatu kutuuzia mikeka ambayo hatukuagiza. Nyumba yangu sasa ina mikeka kama msikiti.

Barka ameridhia. Mambo yote yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka Mwalimu Mahmud, atakayefungisha ndoa, alipouliza ni nani aliyemwacha huru bibi harusi. Nikamwambia ni serikali. Mwalimu akatikisa kichwa. Barka alikuwa nyuma ya mlango, naye hakungoja aulizwe. Alisema, "Serikali haikuninunua wala haikunirithi. Sasa itaniataje huru? Walonirithi na waniate wao, nende zangu ndia nyeupe." Na mama yake Madi anasema hivyohivyo, hataki mwanawe aoe mwanamke mwenye jambo lisilokwisha nyuma yake.

Hesabu ya mirathi unaijua. Baba alipokufa wewe ulipata sehemu mbili, mimi moja. Nyumba tuligawana vyumba, mashamba tukagawana minazi, Barka akabaki kwa kuwa hagawiki. Basi theluthi yake moja ni yangu na theluthi mbili ni zako. Ninapomwona anapanda ngazi na ndoo, hujiuliza theluthi yangu mimi ni upande gani.

Nataka mistari miwili tu kwa mkono wako, kwamba umemwacha huru kwa ajili ya Mungu. Ndoa inatakiwa ifungwe kabla ya Ramadhani. Mtu anayesoma vitabu vya uhuru hili halitamshinda.

Dada yako Swafiya


Unguja, 5 Mfunguo Saba 1326

Dada yangu mpenzi Bi Swafiya.

Nimefurahi kusikia u mzima, ila hilo goti lipakwe mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto. Huku mvua za masika zimefurika. Chumba changu hakivuji, lakini muuza halua amehamishia magunia yake ya sukari kwenye ngazi, nami hupita ubavuubavu kama kaa.

Nimeendelea na kile kitabu. Sura ya nne imenizuia usingizi. Mwandishi anauliza: aliyeachwa huru jana, leo atakula wapi? Hana shamba, hana chombo, hana ukoo. Anasema wako mabwana walioacha watu wao huru kwa sababu ya huruma, na wako walioacha kwa sababu walichoka kuwalisha, na kwa tumbo la aliyeachwa hao wote ni sawa. Akirudi kuomba kazi kwenye mlango uleule, amebadilishwa jina tu. Anayeshika chakula chako ameshika na ulimi wako. Anasema uhuru usiokuwa na riziki ndani yake ni nusu ya jambo, na pengine nusu hiyo ina hatari kuliko kutokuwa na kitu.

Kwa ajili hiyo naona jambo uliloniandikia halitaki haraka. Huyo Madi ana nini? Kazi ya kalafati ni ya msimu. Vyombo vikienda safari, fundi hukaa miezi akihesabu vidole. Akimwoa leo, kesho akashindwa, mwanamke huyo atarudi kwa nani? Tumtazamie mbele kidogo. Sisemi la. Nasema tufikiri kama watu waliosoma.

Kitabu chenyewe nakutumia, nimemwomba Abdulghafur akubali kikae kwako kidogo. Atakuletea Bwana Jeilani wa Kizingitini, aliyekuja huku na papa mkavu, kwa hivyo kikinuka usinilaumu. Kisome polepole. Nataka sana kujua unafikiri nini.

Nduguyo Ridhwani


Amu, 28 Mfunguo Saba 1326

Ndugu yangu Ridhwani, salamu.

Kitabu kimefika, na kimenuka. Nimekisoma siku kumi na nne, na kamusi ya baba kando, kwa kuwa Kiarabu changu kimeota kutu. Bi Alawiya alikuja akaniona nimekiinamia, akadhani nasoma dua ya goti.

Umetaka kujua nafikiri nini. Mchwa wamekula jina la mwandishi wako, majivuno yake hawakuyaweza. Mahali pengi amesema kweli. Pale anaposema bwana naye huwa mjinga kwa kuhudumiwa, niliweka kitabu chini nikatazama mikono yangu. Nina miaka arobaini na miwili na sijui chumvi ya nyumba hii inanunuliwa wapi. Lakini katika kurasa mia na tano zake zote sikuona mahali alipotaja nani aliyekuwa akimpikia alipokuwa akiandika. Chai haiji mezani kwa miguu yake. Ukimwona huko Misri muulize.

Halafu nimelichukua lile swali lake kubwa, nani anaweza kuondoka, nikalileta hapa nyumbani. Unajua mwanamke wa kwetu hatoki ila ndani ya shiraa. Siku za mama lile hema la nguo lilishikwa nguzo zake na wajakazi wanne, naye katikati, na njia nzima ikajua Bi fulani anapita. Mwaka huu wa kushika ni Barka peke yake, na mtu mmoja hawezi kubeba pembe nne. Tangu wenzake waondoke sijavuka mlango wa nje. Harusi mbili na maziko ya mtu mmoja yamenipita. Barka huenda sokoni, huenda Matondoni, hurudi na habari akanihadithia kama mtoto aliyefungiwa. Kwa kipimo cha kitabu chako, mja katika nyumba hii ni mimi. Bi Alawiya ameanza kuvaa buibui, lile vazi jeusi linalotoka huko kwenu Unguja, na hutoka mchana peke yake bila shiraa wala mjakazi. Watu wanamnong'ona. Mimi bado nanong'ona pamoja nao.

Umeuliza Madi ana nini. Nilimpelekea Barka swali lako vilevile ulivyoliandika. Alikuwa akikuna nazi. Akasema, "Ana mikono miwili, na yote ni yake." Kisha akaendelea kukuna.

Ana nyumba ya makuti ya vyumba viwili pia, na kisima anachangia na ndugu yake. Sasa nimekujibu kama watu waliosoma. Nijibu na wewe. Mistari miwili, Ridhwani.

Swafiya


Amu, 20 Mfunguo Tisa 1326

Kwa Ridhwani, salamu.

Meli ya barua imekuja mara tatu bila neno lako. Nimemuuliza Bwana Jeilani, anasema alikuona, u mzima, ulimwuliza bei ya papa. Basi huumwi.

Kaskazini ya mji wamezika watu wawili wa tumbo, sisi salama. Goti limepoa kwa yale mafuta.

Mama yake Madi alikuja Jumatatu. Alikunywa kahawa, akasifu mikeka ya mwanawe, kisha akasema ana mpwa wake Mkokoni, msichana mzuri, wa watu wanaojulikana, asiyehitaji barua kutoka popote. Alisema atangoja mpaka nusu ya Shaabani. Aliyasema haya huku Barka akimmiminia kahawa, na wala hakumwaga tone.

Mwanzoni kila meli ikitia nanga Barka alikuwa akiniuliza, "Imekuya?" Sasa haulizi. Ameacha kabisa, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Swafiya


Unguja, 9 Rajabu 1326

Dada yangu Bi Swafiya.

Nisamehe. Mimi mzima, kwa mwili. Barua nilianza kuiandika mara sita, na kila mara nilijikuta nimerudi kwenye kile kitabu, nikinakili kutoka kichwani sura hii na ile, kwa sababu hapo ndipo ninapojua kusema.

Wewe ulidhani niliondoka Amu kwa ajili ya kifo cha baba. Mji wote ulidhani hivyo, nami nikawaacha. Haikuwa hivyo. Baada ya arobaini nilimwuliza Barka jambo. Nilimwambia nataka kumwacha huru nimwoe, awe mke, wala si suria, mbele ya watu, na wanaotaka kusema waseme. Nikamwuliza je, ataniridhia? Nilikuwa nimejipanga kwa maneno mengi ya kumjibu akisema ndiyo.

Alisimama na ufagio mkononi. Akaniambia, "Niate kwanda, kisha uniulize. Nikikujibu yeo, hutayua ni moyo wangu ukujibuo au ni hofu."

Dada, lilikuwa jambo la neno moja. Ningelisema palepale, kisha nikauliza tena. Sikulisema. Niliogopa kwamba akishakuwa huru atasema la. Mradi ni mja, swali langu lilikuwa bado halijajibiwa, nami niliweza kuishi na swali. Baada ya siku tisa nikapanda chombo nikaja huku. Miaka minne nimeishi juu ya duka la halua nikiwa na theluthi zangu mbili kama mtu aliyeficha kitu kwenye mkunjo wa kikoi, akakigusa kila saa kuona kama kipo.

Na hicho kitabu nilichokusifia! Pale aliposema hapana mapatano na mtu uliyemfungia mlango, alikuwa ananisema mimi. Nilikuandikia karatasi nne ili nisikuandikie hilo. Habari ya msimu wa kalafati ilikuwa upuuzi. Nilikuwa na wivu. Nimekaa hapa nikimwonea wivu mtu mwenye nyundo na pamba, ambaye alikuwa na ujasiri wa kuuza mikeka.

Lakini kuna jambo na mimi nataka kukuuliza. Ulisoma mlango uleule wa kitabu cha sheria niliousoma mimi, baba alitufundisha siku moja. Mshirika mwenye uwezo akiiacha huru sehemu yake katika mja, uhuru huo husambaa mpaka kwenye sehemu ya mwenziwe, na mja huwa huru wote, kisha mwenye kuacha humlipa mshirika thamani. Nakumbuka wewe ndiye uliyeuliza: hata sehemu ikiwa ndogo? Na baba akasema, hata ikiwa ndogo. Wewe una nyumba na minazi, uwezo unao. Theluthi yako ilitosha tangu siku ya kwanza. Hukuwa na haja ya mstari wangu hata mmoja. Kwa nini ulikuwa ukiniandikia?

Ridhwani


Amu, 4 Shaabani 1326

Ridhwani, ndugu yangu wa pekee, salamu.

Nilipofika mwisho wa barua yako nilikaa chini palepale ngazini.

Naam, nilijua. Mlango ule naujua kwa kichwa mpaka leo, na baba alinipa tende siku ile kwa ajili ya swali langu. Nilijua siku Madi alipoleta mkeka wa kwanza. Nilikuandikia nikikuomba neno, na huku nikimwomba Mungu lisifike. Kila meli iliyokuja mikono mitupu nilikukasirikia kwa mdomo, na moyo wangu ukapumua. Nilimwambia Barka, "Tumngojee bwana mkubwa, theluthi mbili ni zake." Nilijificha nyuma ya sehemu zako kama wewe ulivyojificha nyuma ya kitabu.

Sababu ni ndogo na haina heshima. Barka ndiye mtu pekee anayesikia nikikohoa. Ndiye anayenihadithia nani kazaa na nani kagombana. Sikuwa na mtoto aliyeishi, mume amekufa, wewe ulikimbia, watumwa wakaondoka, nikasema huyu mmoja na abaki. Kumbe nilikuwa nimemshika mtu miezi mitano ili nisikae peke yangu na beseni la paa.

Jana asubuhi nilimwita Mwalimu Mahmud na Bwana Abdulqadir wa nyumba ya pili, wakakaa dakani mbele ya mlango wa nje, mimi nyuma yake. Nikasema kwa sauti kwamba nimeiacha huru theluthi yangu ya Barka kwa ajili ya Mungu. Barka alikuwa akichagua mchele. Aliendelea mpaka sinia likaisha, kisha akauliza, "Na zile mbili?" Mwalimu akamweleza kwamba zimefuata, ndiyo sheria. Akauliza tangu lini sheria hiyo ipo. Mwalimu akamwambia, tangu zamani sana. Barka akanitazama. Sikuweza kuyastahimili macho yake, Ridhwani. Sijaona mtu akinitazama vile, na nilistahili.

Nikamwambia yote, langu na lako, kwa kuwa sikutaka aondoke na uwongo wetu. Lako alilijua, na miaka minne yote hakulitoa. Nilifanya jambo lisilonihusu. Nilimwuliza, "Lau angelikuata siku ile kisha akakuuliza, ungelimjibu nini?" Alifunga ncha za leso yake, akasema, "Hilo ni langu, Bi Swafiya."

Basi hutalijua, na mimi sitalijua. Nilitaka kukuletea kitu, nikakuta si changu kukuletea.

Amehamia kwa Bi Alawiya mpaka siku ya ndoa. Alinibusu mkono, halafu akanishika bega, jambo ambalo hajalifanya maisha yake. Leo nimepika wali mwenyewe. Chini umeungua, juu mbichi, nami nimeula wote. Nina upweke, Ridhwani, nalisema waziwazi, na sitaki unijibu kwa sura ya kitabu.

Yamebaki mambo mawili, na yote yako kwako. La kwanza, sheria inasema nikulipe thamani ya theluthi zako. Niandikie bei yake. Andika kwa mkono wako, Barka ana thamani ya kiasi gani, nami nitalipa. La pili, aliyemwacha huru ni mimi, na mimi ni mwanamke, siwezi kuwa walii wake. Walii wangu mimi ndiye atakayemwoza, na walii wangu ni wewe. Mwalimu Mahmud anasema kwa kuwa u mbali, kadhi anaweza kushika nafasi yako. Barka amekataa. Amesema, "Ridhwani na aseme mwenyewe." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akikutaja bila Bwana.

Mama yake Madi anahesabu siku.

Dada yako Swafiya


Unguja, 11 Shaabani 1326

Dada yangu Bi Swafiya.

Barua yako imefika leo, na meli inarudi leo.

Bei sina. Theluthi zangu mbili nimekusamehe, mbele ya Abdulghafur na mwenzake, na majina yao yako nyuma ya karatasi hii.

Mimi, Ridhwani bin Kamaludin, nimemwakilisha Mwalimu Mahmud kumwoza Barka, aliyeachwa huru na dada yangu Swafiya binti Kamaludin, kwa Madi bin Fadhil wa Matondoni, kwa mahari watakayopatana wenyewe, ikiwa ameridhia.

Ninaomba jambo moja tu. Kwetu bibi harusi akiulizwa akanyamaza, mashahidi husema kimya chake ni ridhaa, wakasoma Fatiha, wakala halua, wakaondoka. Kwa Barka msifanye hivyo. Aulizwe kwa sauti ya kusikika, kisha angojwe, hata kahawa ikipoa, hata mama yake Madi akinung'unika. Mtu yeyote asimjibie. Angojwe mpaka aseme mwenyewe kwa kinywa chake, na atakalosema ndilo liandikwe.

Ridhwani